Jimbo Lisilo na Mgonjwa

Naibu Waziri alinipongeza siku ya tisa baada ya kumzika mama yangu.

"Mheshimiwa Spika," alisema, huku akifunga kifungo cha koti lake, "kabla sijajibu swali namba themanini na saba la Mheshimiwa Nakiete Mchomvu, Mbunge wa Mvungwe, naomba nimpongeze yeye na wananchi wake. Jimbo la Mvungwe lina Alama ya Afya tisini na nne kwa mia. Ni la tatu nchi nzima. Mheshimiwa anauliza ni lini Serikali itapeleka daktari na kupima maji katika kijiji cha Kwasengua. Jibu ni kwamba Serikali haiwezi kupeleka daktari kwa watu wazima wakati yapo majimbo yenye wagonjwa."

Wabunge wakapiga meza. Hata jirani yangu wa kiti cha kushoto, aliyekuja msibani kwangu akala wali na kulia kwa sauti, alipiga meza.

Nikasimama kwa swali la nyongeza. Nilikuwa nimeandika maneno ya adabu kwenye karatasi. Sikuyasoma.

"Mheshimiwa Spika, mama yangu alivimba miguu, akavimba uso, akashindwa kukojoa, akafa. Katika kitongoji chake ni mtu wa kumi na tisa tangu mwaka jana. Hawa wazima anaowasema Naibu Waziri ni wazima gani?"

Ambakisye Mwaipaja, Naibu Waziri wa Ustawi, hakukasirika. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaonichosha. "Mheshimiwa Spika, sipendi kubishana na mfiwa," alisema. "Naomba wananchi wa Kwasengua wajisemee wenyewe. Hizi ni sauti zao za leo asubuhi."

Ukuta wa ukumbi ukawaka. Tukasikia Msikizi, mashine inayokusanya Alama hizo kila asubuhi, akiuliza kwa ile sauti yake ya binti aliyelelewa vizuri: "Habari za nyumbani?" Majibu yakafuata, nyumba baada ya nyumba. Nzuri. Nzuri. Salama. Nzuri. Nzuri tu, mwanangu, za kwenu?

Hiyo ya mwisho ilikuwa sauti ya Shangazi Namkunda. Ningeitambua hata sokoni siku ya gulio.

"Mbunge anawasingizia wananchi ugonjwa!" mtu akapayuka kutoka viti vya nyuma, na ukumbi ukacheka.

"Mheshimiwa Nakiete, muda wako umekwisha," alisema Spika. "Katibu, swali linalofuata."

Nikakaa. Nikaikunjakunja kwa hasira ile karatasi ya maneno ya adabu. Nusu ya hasira ile ilikuwa ya Mwaipaja. Ile nusu nyingine nilijua ni ya nani, na sikutaka kumtaja hata moyoni.

*

Ijumaa nilikwenda Kwasengua. Lami ilikuwa imefika Daraja la Pili. Kutoka hapo hadi kijijini ni kilomita sita za mlima, nikazipanda kwa miguu, viatu mkononi.

Shangazi Namkunda ni dada wa marehemu baba. Yeye na mama waliishi nyumba moja tangu wote wawili walipofiwa na waume zao, wakigombana kila siku kuhusu chumvi na wakishindwa kulala mbalimbali. Sasa alikuwa peke yake. Kitanda cha mama kilikuwa bado kimetandikwa.

Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa tunakunywa uji sebuleni. Juu ya mlango, mahali ilipokuwa ikining'inia kalenda ya kanisa, kuna kidude cheupe cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Huyo ndiye Msikizi. Kila nyumba nchini ina wake. Saa moja kamili, taa yake ya kijani ikawaka.

"Habari za nyumbani?"

Shangazi aliweka kikombe chini, akashika ukuta, akasimama. Miguu yake ilikuwa imejaa maji mpaka mikanda ya ndala imezama kwenye nyama. Akajifunga khanga sawasawa, kana kwamba mchungaji amebisha hodi.

"Nzuri, mwanangu. Za kwenu?"

Taa ikazimika. Haikuchukua hata sekunde tatu.

"Shangazi, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Umesema nzuri. Miguu hiyo ni mizuri?"

"Nimeulizwa habari za nyumbani, sijaulizwa miguu."

"Lakini ndicho anachotaka kujua!"

"Basi ana haraka ya nini?" Alikaa kwa taabu, akapumua kwanza ndipo akaendelea. "Mtu akikusalimu unamjibu. Anakaa, unampa maji. Anauliza tena, za siku nyingi, za watoto, unajibu. Akiuliza mara ya tatu ndipo unamwambia, lakini mwenzangu, hii miguu. Yule tabibu wa zamani, marehemu Kajiru, alikuwa anamaliza bakuli zima la uji kabla hajagusa mgonjwa. Huyu anauliza mara moja, anazima taa, anakwenda zake. Nimkimbilie barabarani?"

Nilitamani kuwaburuta wale wataalamu mpaka pale sebuleni. Walikaa miaka sita kwenye ghorofa lenye viyoyozi wakimfundisha Msikizi kutambua sauti za lugha zetu zote, lafudhi zote, vikohozi vyote, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jinsi bibi yake mwenyewe anavyojibu salamu. Huku kwetu ugonjwa husemwa baada ya salamu ya tatu. Walichukua ya kwanza, wakaiita takwimu.

Lakini hasira hiyo ilikuwa rahisi. Ningeweza kuishi nayo.

"Kesho akiuliza, mwambie mbaya," nilimwambia. "Mwambie, na uwaambie na majirani. Alama ya jimbo ikishuka chini ya hamsini, sheria inawalazimisha walete madaktari na wapime kila tone la maji mpaka kule kiwandani."

Shangazi alisukuma kikombe chake pembeni.

"Nakiete. Nani alisimama pale bwawani, juu ya kiti cha plastiki, akatuambia tuseme nzuri hata tukiwa na homa?"

Nikakoroga uji wangu.

"Ulisema barabara inakwenda kwa watu wazima. Tukasema nzuri. Barabara imekuja, imefika Daraja la Pili. Sasa unataka tuifukuze kwa mdomo wetu wenyewe?"

Ni kweli. Nilisimama juu ya kiti. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba miradi mikubwa itakwenda katika majimbo yenye alama themanini na zaidi, kwa maelezo kwamba watu wazima ndio watakaoitumia lami vizuri. Sisi tulikuwa na sabini na moja. Mwezi ule ule mke wa mdogo wangu alishushwa mlimani kwenye machela, akajifungulia njiani penye utelezi, na mtoto hakulia. Nilikuwa mbunge wa miezi mitano. Nikapanda juu ya kiti cha plastiki nikawaambia watu wangu wadanganye, nikapigiwa vigelegele, kisha nikarudia hivyo hivyo katika kila kijiji cha jimbo.

Sikujua kwamba mwaka ule ule kiwanda cha betri kule juu kingeanza kumwaga maji yake machafu kwenye kijito kinachojaza bwawa letu. Nawaambia hivyo watu wote, na ni kweli, na hainisaidii kitu.

Saa mbili pembe ya msaragambo ikalia. Ni kazi ya pamoja ya kuzibua bwawa la kijiji, ile ndiva ambayo babu zetu waliichimba kwa mikono, na kila nyumba lazima itoe mtu. Nikateremka nao. Zamani tulikuwa tunajaa kingo zote mbili, watu themanini, tisini, na nyimbo juu. Siku hiyo niliwahesabu mara mbili. Walikuwa ishirini na wawili. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa rangirangi, na wanawake waliusukuma pembeni kwa kibuyu kabla ya kuchota.

"Wengine wako wapi?" nilimuuliza mwenyekiti wa bwawa.

"Wanapumzika, Mheshimiwa."

"Wanaumwa?"

Alifuta jembe lake kwa jani la mgomba, taratibu, upande huu na upande huu. "Hatuna mgonjwa kijijini," alisema. "Wewe si ndiye unayejua?"

*

Elinihaki Mzirai nilisoma naye darasa moja, tukanyang'anyana dawati moja. Sasa ndiye msimamizi wa kituo cha kumbukumbu cha wilaya, chumba kirefu chenye baridi ambamo sauti zetu zote zinahifadhiwa. Alinipokea Jumatatu saa nne asubuhi akiwa amevaa sweta mbili.

"Mheshimiwa amekuja kukagua au kuomba?"

"Kuomba."

"Basi kaa, Nakiete. Waheshimiwa huwa hawaombi."

Nilimwambia ninachotaka. Akakuna kidevu, akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wazee wanaokuja na vitambulisho vyao kwenye mifuko ya nailoni.

Msikizi hachukui jibu tu. Kila asubuhi anachukua vitu viwili. Cha kwanza ni kauli, yaani maneno ya mtu. Cha pili ni pumzi. Mtu anaposimama chini ya mlango, Msikizi anasikia mapafu yake, mapigo ya moyo wake, namna miguu yake inavyokanyaga sakafu, hata maji yanayojaa kifuani figo zinapochoka. Pumzi haina adabu wala haijui kuficha.

"Sasa kwa nini hawatumii pumzi?"

"Umesahau? Mwanzoni walitumia. Gari la wagonjwa linafika mlangoni, mtu anasema mimi mzima, wanambeba tu kwa sababu mashine imesema. Watu walipigana na wauguzi. Ndipo ikatungwa sheria kwamba kauli ya mtu kuhusu mwili wake ndiyo ya mwisho. Ukisema mzima, wewe ni mzima. Pumzi inafungiwa humu, na hakuna wa kuifungua ila mwenyewe. Au mrithi wake, akishafariki."

Nilikumbuka siku sheria ile ilipopita. Nilikuwa bado mwalimu, na nilishangilia mpaka wanafunzi wakanishangaa. Ilikuwa sheria nzuri. Inaniuma hata kuisema hivyo.

Nikaweka kidole gumba kwenye kioo. Kumbukumbu za mama zikafunguka: asubuhi mia sita na nne tangu siku ile ya kiti cha plastiki. Elinihaki alizipanga ukutani mistari miwili. Mstari wa juu, wa kauli, ulikuwa umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzima, mzima, mzima. Mstari wa chini ulianza kulegea asubuhi ya mia mbili, ukateremka, ukateremka, na kuanzia ya mia tano ulikuwa mwekundu wote.

"Ilijulikana," nilisema. "Mashine ilijua siku mia nne kabla. Ikakaa kimya."

"Ilitii sheria."

"Elinihaki, usiniudhi."

"Sikuudhi. Sikiliza hii kwanza, ndiyo ya kwanza kabisa." Alisita. "Labda nitoke nje?"

"Ya nini utoke?"

Akaifungulia. Nikasikia vyombo vikigongana jikoni kwa mama, jogoo, mlango. Kisha sauti ya mwanamke, ya haraka, yenye furaha ya mtu anayechelewa mkutano: "Mama, akikuuliza, mwambie nzuri. Habari za kifua usimwambie." Mama akauliza: "Hata kikibana?" Ile sauti ikajibu: "Hata kikibana. Tunasubiri barabara." Mama akacheka kidogo. "Haya, mwanangu. Nzuri."

Nikasukuma kiti nyuma, mbali na ukuta.

"Sekunde kumi na moja," alisema Elinihaki, bila kunitazama. "Naweza kuzikata. Hakuna atakayejua. Unakwenda bungeni na hizo nyingine, unawaonyesha mistari miwili, wanalia, basi."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Na Mwaipaja atajibu nini?" nilimuuliza.

"Atasema marehemu alitoa kauli yake kwa hiari, na sheria inalinda heshima yake."

"Na akisema hivyo?"

"Atakuwa amesema kweli. Pumzi za Kwasengua zitabaki humu humu." Alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Ila kuna kifungu cha tisa. Kauli iliyotolewa kwa kuelekezwa na kiongozi si kauli. Inafutwa, na pumzi inasomwa badala yake. Ikithibitika kuwa umeelekeza jimbo zima, zinafutwa za jimbo zima."

"Na kiongozi?"

"Anavuliwa. Na jimbo linasimamishiwa miradi miaka mitano."

Barabara. Nilifikiria Daraja la Pili, na zile kilomita sita, na machela. Nilifikiria wanawake wajawazito wa Kwasengua ambao hawajui kwamba mimi na Elinihaki tumekaa hapa tunaamua watapita wapi. Nikisema, nitawapelekea daktari na kuwanyang'anya lami. Nikinyamaza, lami itafika mpaka mlangoni kwa Shangazi, nyeusi, nzuri, na gari litakaloitumia kwanza ni la jeneza. Nilimchukia kila mtu aliyehusika kutuweka mahali pale, na kwa mara ya kwanza nilijitia mwenyewe kwenye orodha.

"Usikate," nilisema.

*

Kanuni zinampa mbunge dakika tano za maelezo binafsi, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza ila Spika. Nilizitumia Alhamisi.

Sikuhutubia. Niliomba ukuta uwashwe, nikawasikilizisha mama yangu.

Asubuhi ya kumi, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye unga mikononi na shughuli nyingi. Ya mia mbili hamsini, alipumua katikati ya neno. Ya mia nne, Msikizi aliuliza, na kabla ya jibu tulisikia fimbo ikigonga sakafu, kiti kikiburutwa, na mwanamke mzima akijitahidi kusimama ili amjibu mashine kwa heshima. Jirani yangu wa kushoto aliweka mkono mdomoni.

Ya mwisho, Msikizi aliuliza mara mbili. Kulikuwa na pumzi tu, yenye maji ndani yake. Kisha neno likatoka, dogo, limechanika: nzuri. Chini yake ukutani pakaandikwa, kama palivyoandikwa siku hiyo: MZIMA. Mama alifariki saa sita mchana.

Hakuna aliyepiga meza.

Mwaipaja aliomba ruhusa ya Spika, akapewa. Macho yake yalikuwa yamelowa, simnyimi hilo. "Mheshimiwa Spika, tumeumia sote. Lakini ni wajibu wangu kulikumbusha Bunge kwamba marehemu alitoa kauli hii kwa hiari yake, kila siku, kwa mdomo wake. Tukianza kuwapuuza wananchi wanapojisemea wenyewe, tutarudi kule tulikotoka."

"Nakubaliana na Naibu Waziri," nilisema, na kwa kweli alishtuka. "Ndiyo maana naomba kusikilizisha kipande kimoja zaidi. Nimekiweka mwisho, lakini kwa tarehe ndicho cha kwanza."

Vyombo vikagongana. Jogoo akawika. Mama, akikuuliza, mwambie nzuri.

Ukumbi ulisikiliza mpaka kile kicheko kidogo cha mama. Hata kikibana? Hata kikibana.

Spika aliegemea mbele. Ni mama mtu mzima, na nadhani alikuwa ameshajua, maana aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Mheshimiwa Nakiete, hiyo sauti ya pili ni ya nani?"

"Ni yangu, Mheshimiwa Spika."

Kelele zilizofuata sitazisimulia zote. Aibu! Atoke! Muuaji! Huyo wa mwisho alikuwa ndiye aliyepayuka wiki iliyopita kwamba nawasingizia wananchi ugonjwa. Spika aligonga mpaka kukatulia.

"Nina dakika moja na nusu," nilisema, na sasa sauti yangu ilikuwa imepanda na sikuishusha. "Niliwaambia watu wa jimbo zima wadanganye. Nilisimama juu ya kiti nikawaambia. Wamedanganya kwa utiifu, na mama yangu alikuwa mtiifu kuliko wote. Nivueni, ni haki yenu. Lakini nijibuni. Nani alitunga mtihani huu, kwamba anayesema anaumwa ananyimwa barabara, na anayesema mzima ananyimwa daktari? Tangu lini mwananchi akalazimishwa kuchagua kati ya lami na figo zake? Naibu Waziri ananisomea tisini na nne. Njooni Kwasengua siku ya msaragambo mhesabu majembe! Kiwanda kinamwaga uchafu mchana kweupe, na hakipimwi, kwa sababu wanaokunywa ni wazima! Na nyinyi mnaopiga kelele, majimbo yenu yenye themanini na tano, na tisini, nawauliza kwa heshima zote. Wangapi humu ndani hamkusimama juu ya kiti?"

Nilimwona mmoja akifungua chupa ya maji ambayo ilikuwa tayari wazi.

"Naomba kifungu cha tisa," nikamalizia. "Naomba pumzi za Mvungwe zifunguliwe."

Spika alinong'ona na Katibu kwa muda mrefu. Kisha akasoma uamuzi, bila kunitazama. Kauli zote za Mvungwe, tangu siku ya mkutano wa bwawani, zimefutwa. Pumzi zisomwe hapo hapo mbele ya Bunge, kama sheria inavyotaka. Miradi ya jimbo imesimamishwa. Kiti cha Mvungwe kiko wazi.

Ukutani ile tisini na nne ikatetemeka, ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Themanini. Sitini. Ilipovuka hamsini mtu mmoja alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya kawaida kabisa, na kila mtu akamsikia. Ilisimama kwenye thelathini na moja. Ya Kwasengua peke yake iliandikwa pembeni kwa tarakimu ndogo. Kumi na mbili.

Askari wa Bunge alikuja kunishika mkono. Nilimwambia njia naijua.

*

Mitambo ya barabara iliondoka Daraja la Pili kabla sijafika. Iliacha alama za matairi na rundo moja la kokoto. Wakati napanda mlima nilikutana na wanawake wawili wakiteremka na matenga ya ndizi kichwani. Walinijua. Mmoja alinisalimu. Mwingine alitazama pembeni mpaka nilipopita, kisha akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kutosha, kwamba mkwe wake ana mimba ya miezi minane.

Nyumbani Shangazi hakunisema. Alinikorogea uji mwenyewe, akiwa ameketi, maana kusimama jikoni alikuwa hawezi tena. Aliniambia gari la madaktari litaishia Daraja la Pili, watapanda kwa miguu, wanategemewa kesho Jumanne pamoja na watu wa kupima maji. Aliniambia pia kwamba vijana wa kijiji watateremka kuwapokea mizigo, pamoja na wale ambao pembe ya msaragambo ilikuwa imeshindwa kuwatoa kitandani. Niliuliza kama watu wamenikasirikia.

"Sana," alisema. "Kunywa uji."

Asubuhi, saa moja kamili, taa ya kijani ikawaka juu ya mlango. Elinihaki alikuwa amenieleza kwamba kwa agizo jipya Msikizi wa Mvungwe hataharakishwa. Atasubiri mpaka mtu amalize.

"Habari za nyumbani?"

Shangazi aliweka kikombe chini. Akashika ukuta. Nilinyanyuka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Alisimama, akajifunga khanga, akainua uso.

Sekunde tatu zikapita, kisha kumi. Midomo yake ilijaribu kuanza na kuacha, na nikaona ni kwa jinsi gani neno lile lilimwia zito, mwanamke aliyeishi miaka sabini na minane bila kumjibu mtu hivyo. Sikumfundisha. Nilikaa na mikono yangu mapajani na mdomo wangu umefungwa.

"Habari za nyumbani?" Msikizi akarudia, kwa upole.

"Mbaya, mwanangu," alisema Shangazi. Machozi yalimtoka papo hapo, akayaacha yatiririke. "Mbaya tangu mwaka juzi. Wifi yangu amekufa akikuambia nzuri."

Taa haikuzimika. "Endelea," ilisema ile sauti. "Nakusikiliza."

"Kaa kitako kwanza," alisema Shangazi, akavuta kiti cha pili, kile alichokuwa akikalia mama, akakiweka chini ya mlango. "Kaa kitako, nikueleze."